Bi Mahfudha Ageuka Hewa ya Moto

Bi Mahfudha alikuwa na wiki sita tu Wheaton, ughaibuni kwa mwanawe Fuad, na mengi alishayazoea: ngazi zinazopanda zenyewe kule stesheni ya treni, majirani wanaomsalimia mbwa kabla ya mwenye mbwa, hata mkate wa dukani usio na ladha. Lakini Jumanne ile, wajukuu zake waliporudi shule, aliona jambo lililomtoa jasho, na nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo.

Tasnim, msichana wa miaka tisa, na Ziyad mdogo wake wa miaka sita, walipanda chumbani wakashuka na nguo za kulalia. Saa kumi jioni! Tena wamezivaa ndani nje, mishono juu, lebo zikining'inia shingoni. Ziyad akafungua friza, akajaza bakuli vipande vya barafu, akaenda nalo chooni. Bibi yake akamfuata akinyata. Akasikia chubwi, chubwi, chubwi, kisha maji yakavutwa.

"Yarabi salama," alinong'ona. "Watoto wamechezewa."

Akakimbilia jikoni akoroge maji ya sukari ya kujituliza, asikute kijiko hata kimoja. Vyote vilikuwa chini ya mito ya watoto, pamoja na upawa wa mchuzi aliokuja nao kutoka Unguja.

"Bibi, ni kwa ajili ya snow!" Tasnim alijitetea. "Kila mtu shuleni anafanya. Ukivaa hivi, ukalalia kijiko, ukaflashi barafu, theluji inaanguka na shule inafungwa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Fuad akitoka kazini kwenye kituo cha hali ya hewa cha Sterling. Kazi hiyo ilimtaabisha mama yake. Tangu alipowaambia shoga zake wa Unguja kwamba mwanawe ni mtabiri, hawakumpa raha. Mmoja alitaka atazamiwe pete iliyopotea. Mwingine aliulizia kama bintiye ataolewa Shaaban au baada ya Idi.

"Mtabiri mzima umo humu ndani," Bi Mahfudha alimvaa, "na wanao wanakilisha choo barafu!"

Fuad alicheka mpaka akaegemea friji. "Choo hakijui kitu, Mama. Sisi tunauliza hewa yenyewe. Mara mbili kwa siku tunarusha puto kubwa kuliko hili friji, limefungiwa kijisanduku chepesi. Likipanda, kijisanduku kinatutumia habari kwa redio: hapa joto kiasi gani, hapa unyevu kiasi gani, upepo unatoka wapi. Na nchi nyingine nazo zinarusha yao saa ileile."

"Halafu?"

"Puto linapasuka huko juu sana, na kijisanduku kinashuka na mwavuli wake."

"Kikitua kwenye sufuria ya mtu?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Na puto la leo limesema nini?" Tasnim hakutaka habari za sufuria.

Fuad akajikuna kidevu. "Njooni kwenye ngazi."

Akawapandisha watoto juu kabisa. "Huko ni mawinguni, baridi kali, na ninyi ni chembe za theluji. Mama, simama hapo katikati, ngazi inapokata kona. Hapo puto limekuta hewa ya moto iliyopanda kutoka kusini. Wewe ndiye hewa ya moto."

"Mimi?"

"Kila chembe inayopita, ikumbatie mpaka iyeyuke."

Bi Mahfudha alijifunga shali kiunoni kama anayeingia uwanjani. Ziyad akashuka akizunguka kama pia. Bibi akamdaka, akamtekenya makwapani, mtoto akalegea na kuteremka ngazi kwa tumbo kama uji uliomwagika. Chini, Fuad alikuwa ameacha mlango wazi. Upepo wa baridi ukampiga Ziyad, akajikunja mpira.

"Mmeona?" alisema Fuad. "Theluji imeyeyuka katikati ikawa tone, na tone limeganda tena kabla ya kutua. Hiyo ni chenga ya barafu, si theluji."

Tasnim akajaribu kupita kwa siri, amejibana ukutani. Bibi akamkamata kwa lebo.

"Bibi, toka hapo! Unaharibu winter!"

"Sitoki. Nimewekwa na mwanangu."

Watoto wakamvuta, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Hewa ya moto haikutikisika.

"Na hiyo ndiyo kazi yetu," Fuad alisema akihema kwa kicheko. "Hatuna hakika kama hewa ya moto itang'ang'ania pale au itasogea. Basi kompyuta inaipika hali ya hewa ya kesho mara nyingi, kila mara vipimo tumevibadilisha kidogo tu. Leo, katika kila masufuria kumi, saba yametoa chenga na matatu theluji. Ndiyo maana nasema chenga, asilimia sabini."

"Ungejua kupika," alisema Bi Mahfudha, "yangetoka kumi kwa kumi."

Asubuhi chenga zilipiga vioo vya madirisha kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Shule haikufungwa. Ilichelewa kwa saa mbili tu, na Ziyad alimnunia bibi yake tangu chai mpaka kufunga zipu ya koti.

Bi Mahfudha akavaa mabuti ya Fuad, akatoka kuwasindikiza. Alikuwa hajawahi kukanyaga kitu kama kile. Hatua ya kwanza alisimama, ya pili akayumba, ya tatu akakaa chini pwaa na kuserereka kwa makalio kwenye njia ya mteremko iliyo mbele ya nyumba, shali ikipepea nyuma, mpaka nguzo ya sanduku la barua kando ya barabara ilipomzuia.

Watoto walishika midomo. Fuad akatoka mbio na soksi tu miguuni.

Bi Mahfudha alikaa pale akitazama alikotoka. Kisha akanyoosha mikono miwili.

"Nipandisheni juu," alisema. "Safari hii nisukumeni."

Tasnim na Ziyad walifika shule wamechelewa kwa saa tatu, si mbili.