Namba Thelathini na Nane

...kifuniko cha chupa ya chai, hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, umekiona kifuniko, aliuliza kutoka jikoni, na mimi nikajibu bila kuinua macho, angalia juu ya friji, maneno manne, ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, Jumanne, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, dakika naijua kwa sababu nilikuwa naiandika kwenye pembe ya ramani, mpima ardhi hupima hata akiwa nyumbani kwake amevaa kandambili, kisha nikasikia kiti kinaburuzwa, nikadhani anataka kukipanda, nikawaza huyu ataanguka, lakini hakuanguka kutoka kwenye kiti, alianguka akiwa amekishika tu... "Bosi, nauliza, hapa katikati au nishushe kidogo?" Fundi wa maandishi yuko juu ya ngazi, penseli sikioni, kopo la rangi ya buluu limening'inia kwenye ndoano, na chini ya ngazi wamesimama Mama Mwenyekiti na fundi cherehani, wote wawili wananitazama mimi, Jumapili mchana, wiki ya tano tangu tumzike, katika ukumbi huu wa jumuiya ambao kila Jumamosi hugeuka kuwa zahanati, na juu ya mlango wa chumba cha vipimo maneno yameshachorwa kwa penseli, yanangoja rangi, HAPA ALIHUDUMU DADA YETU, na chini yake, ALITOA NAFASI YAKE KWA MWINGINE, na wanachongoja ni neno langu moja tu, ndiyo, sawa, endelea, maana Mama Mwenyekiti amesema hakipakwi kitu mpaka mwenye mke aridhie... "Mpe nafasi aangalie," anasema Mama Mwenyekiti, "usimkimbize shemeji yangu." "Simkimbizi, mama, rangi ndiyo inanikimbiza mimi, inakauka kwenye brashi." Katikati, herufi zimekaa katikati kweli, nimeshapima kwa macho, kushoto na kulia hazitofautiani hata upana wa kidole, kijana wa watu anajua kazi yake, kosa haliko kwenye herufi... Miaka kumi na moja mke wangu alikaa ndani ya chumba hicho, kwenye meza ya presha, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si muuguzi, walimfundisha hapa hapa, wiki mbili, kufunga kitambaa mkononi, kusikiliza, kuandika, na alisikiliza mikono ya watu kama anayesikiliza siri, hakuna aliyeulizwa anaabudu wapi, tulianza kwa robo saa ya kimya, watumishi wote wamekaa wamefumba macho, kisha Mama Mwenyekiti anasema haya tuwafungulie wenyewe, wenyewe ndio wagonjwa, sisi si wenyewe, na hapo ndipo penye desturi yetu ambayo haikuandikwa popote, mtumishi ni wa mwisho, wa mwisho kunywa chai, wa mwisho kukaa, wa mwisho kumwona daktari, na kwa kuwa foleni haiishi, wa mwisho maana yake hamwoni... siwasemi vibaya, Mama Mwenyekiti ana sukari na mguu wake una kidonda tangu mwaka jana na hajawahi kuchukua kadi, ni watu wema, ndilo linalonichosha, sina wa kumkasirikia... "Mimi nilimwambia," anasema fundi cherehani kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wa kawaida, "nilimwambia dada, kinyozi hajinyoi, lakini walau akubali kunyolewa, akacheka, akaniambia wewe mwenyewe suruali yako imepasuka." Mama Mwenyekiti anatabasamu, na mimi natabasamu, kwa sababu ni kweli alisema hivyo, naisikia sauti yake, nyumba yenu wote wapimaji, fundi cherehani alizoea kututania, mmoja viwanja, mmoja presha, hata mimi napima, viuno tu, na mke wangu anamjibu, basi kipime cha mkeo kwanza, na watu kwenye mabenchi wanacheka, mwezi wake wa mwisho alikuwa ameshaanza kusimama katikati ya ngazi za nyumbani akijidai anatafuta kitu kwenye pochi, na viatu vyake vya Jumamosi alikuwa anavivaa bila kufunga kamba, miguu imevimba, nikamwambia twende hospitali, pesa ipo, akasema ya nini, daktari wa moyo anakuja ukumbini Jumamosi ya tatu, daktari bingwa, wa kujitolea, anakuja mara moja kila miezi mitatu na anaona watu arobaini, hawazidi, saa sita anaondoka, nitapimwa pale pale, akasema, na mimi nikakubali, mtu niliyesoma, niliyekaa chuo kikuu miaka minne nikijifunza kwamba kosa dogo mwanzoni mwa mstari huwa kubwa mwishoni mwake... Asubuhi ile nilikuwa mlangoni na daftari, kazi yangu kila Jumamosi, naandika jina, natoa kadi ya namba, alikuja akasimama mbele yangu kama mgonjwa mwingine, akaangalia huku na huku, akasema kwa kunong'ona, leo nitie na mimi, nikamwangalia, akasema tena, nitie, usinitazame hivyo, na alikuwa na haya, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ana haya kama aliyekamatwa anaonja mboga kabla ya wageni, nikamwandika, thelathini na nane, akaitia kadi kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akalivua akalitundika msumarini kwa sababu ya joto, akaingia kazini... "Ile ALITOA, mnaonaje, niikolezee?" "Ikolezee," anasema Mama Mwenyekiti, "hilo ndilo neno lenyewe," kisha anakumbuka, ananigeukia, "kama shemeji anaona sawa." Alitoa, hilo ndilo neno lenyewe, na mimi ndiye niliyewapa, siku ya mazishi, Mama Mwenyekiti aliponishika mikono akaniuliza, shemeji, kwani yeye hakuonwa na daktari siku ile, jina lake si lilikuwepo, nikasema alimpa yule mzee nafasi yake, nilisema hivyo, sauti haikutetemeka, na neno likatoka pale likaenda kwa fundi cherehani, likaenda kwa wote, likasemwa kwenye kimya cha Jumamosi iliyofuata, watu wakalia, na leo limepanda ngazi... maana Jumamosi ile ya daktari ilikuwa saa nne na nusu, arobaini zimeshajaa, akaingia mzee wa koti la kahawia, binti yake amemshika kwapani, mzee ameweka kiganja kifuani, binti ananiambia baba yangu, tumetoka mbali, tafadhali, na kwenye benchi la mbele mama mmoja aliyekosa namba akasema, si kwa sauti kubwa, kwa sauti ya kutosha, namba zipo, mke wa mwandishi si ameandikwa, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mwenzake akaguna, basi, ni hilo tu, guno moja, nikahisi shingo inapata moto, mimi ambaye sijawahi kusogeza jiwe la mpaka hata kwa ndugu yangu wa damu, nikainuka, nikaenda msumarini, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti la mke wangu, nikatoa kadi, nikampa mzee mbele ya wote ili wote waone, na yule mama akanyamaza, na mimi nikaketi nimenyooka, nimeridhika, hilo neno nalitafuta wiki ya tano sasa, sikuwa na huruma na mzee, sikuwa hata nimemtazama usoni, niliridhika, na mke wangu alikuwa hatua saba kutoka kwangu, ana mipira ya kusikilizia masikioni, kichwa ameinamisha kwenye mkono wa mtu, hakuona... na mzee akatoka kwa daktari anacheka, ni gesi, kaambiwa ni gesi, apunguze kula kwa pupa, benchi zima likacheka, na mke wangu akacheka nao, kwa mkono mmoja ameshika ukingo wa meza... tulirudi kwa miguu, akaniuliza, kadi umempa yule mzee, nikasema ndiyo, akasema haya, tukapita duka la vifaa, tukapita kituo cha mafuta, kisha akasema, ungeniambia tu, bila ukali, ungeniambia, na mimi nikasema miezi mitatu si mingi, atakuja tena, na alikuwa na siku tatu... "Shemeji," Mama Mwenyekiti amenisogelea, harufu ya dawa ya kidonda, "kama inakuuma tutaandika jina tu." Na mwanamke huyu amenigusa bega, nikimtazama nalia, kwa hiyo naangalia ukuta, nasoma tena, kama ninavyosoma hati kabla ya kutia sahihi, na nilikuwa nimedhani wiki zote hizi kwamba uongo ule ni kilemba cha ukoka nilichomvisha marehemu, sifa isiyomdhuru mtu, amekufa, mwache asifiwe, watoto wasome wafurahi, lakini naona sasa, hapa, kwa mchana huu mweupe, kwamba haumsifu hata kidogo, miaka kumi na moja hakuomba kitu hapa ndani, siku moja akaomba, alinong'ona akaomba, nitie na mimi, alitaka kuishi, hilo ndilo aliloliomba mlangoni kwangu akiwa na haya, na rangi ya buluu ikishakauka atakuwa hakutaka, atakuwa alipewa nafasi ya kuishi akaisogeza kando kama mtu aliyeshiba, na kila mtumishi atakayeingia chumba hicho akiumwa atainua macho asome, aone haya, anyamaze, Mama Mwenyekiti na mguu wake atasoma, nitakuwa nimemnyang'anya mke wangu kadi mara ya pili, na wao nao... "Bosi?" Brashi iko hewani, tone moja la buluu limening'inia nchani, halijadondoka, fundi cherehani amevua kofia, Mama Mwenyekiti hajaondoa mkono, na mimi nikifungua mdomo nitaanzia wapi, si kwenye kadi, kadi wataisamehe haraka, watasema ulifanya kama desturi, watanifariji, na sitaki kufarijiwa, nitaanzia kule wasikoweza kunifuata na huruma yao, nitaanzia siku iliyofuata kifo chake, Jumatano asubuhi, dada yake anapanga viti uani, watu wameanza kuingia, nikamwambia naenda hospitali kufuata karatasi, akasema usiende peke yako jamani, nikasema si mbali, na kabla ya hospitali nikapita hapa, ufunguo ninao mimi, nikafungua ukumbi, nikatoa daftari kabatini, nikatafuta ukurasa wa Jumamosi, jina lake kwa mwandiko wangu, na juu ya jina mstari nilioupiga kwa rula, kwa sababu siwezi kupiga mstari bila rula, na pembeni jina la mzee, nikauchana ukurasa taratibu, nikifuata mshono ili isionekane, nikaukunja mara nne, nikautia kwenye mfuko wa shati, nikafunga mlango, nikaujaribu kama umefungika, kisha nikaenda hospitali, na karani aliponipa fomu niandike jina la marehemu, nikaliandika.