Tumbako ya Njia

Ile karatasi, Barutwanayo aliandika yeye mwenyewe, na mukono yake ya kuume, akili yake ikiwa timamu, na hakuna muntu alimusukuma. Tuseme ile mbele, juu kisha mutamuhurumia na mutaanza kutafuta mwenye kosa.

Barutwanayo alikuwa fundi wa kushona pale Baraka, Murundi, mukimbizi wa zamani. Mashini yake ilikaaka pa barza, ikiangalia kiwanja. Parseli yenyewe ilikuwa na nyumba ine ndogo, kiwanja moja katikati, fasi moja ya kupikia na choo moja. Ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole akiwa kwake.

Alipendaka ile parseli juu ya kitu moja tu: ilikuwa karibu na sante, ile hospitali ndogo. Binti yake Merveille, wa myaka ine, alikuwa na asima, ugonjwa wa pumu. Mbele ya kuhamia pale balikuwa banaishi mbali, mwisho wa mutaa, kule kartie inaishilia, na siku moja kifua ya mutoto ilifunga, pikipiki hakuna, baba akamubeba na kukimbia mpaka midomo ya mutoto ikageuka rangi. Balifika. Lakini muuguzi alimuambia polepole kama angechelewa kidogo, angeleta kitu ingine, hapana mutoto. Kisha ile juma alihama. Kutoka mulango yake mupya mpaka ku sante ilikuwa hatua makumi nane. Alizihesabu mara tatu, ile mara ya tatu akikimbia.

Sasa, mu ile parseli kulikuwa Willy, muntu wa pikipiki, kijana wa roho muzuri, lakini kinywa yake ilikuwa sawa tanuru ya makala. Asubui sigara, saa sita sigara, na barafiki zake nabo banakuya kuvuta. Siku shefu wa avenue alipita na tangazo kama kila parseli ijiwekee sheria ya tumbako mu fasi yenye bantu banakaa pamoja, Barutwanayo aliona ni Mungu mwenyewe amevaa kofia na kushika bike ya kuandikia.

Mwenye parseli, muzee Bonaventure, aliita mukutano. Fundi alikuya na karatasi yake tayari. Hakuna kuvuta mu kiwanja, pa barza, ku jiko ao karibu na choo. Mwenye kutaka kuvuta aende ku barabara. Kosa ya mugeni ni kosa ya mwenye kumupokea. (Ile alitia juu ya barafiki ya Willy, na alicheka peke yake wakati aliandika.) Mwenye kukosa mara tatu anatoka na jamaa yake mu siku saba. Na kila mara, shefu wa parseli ataenda yeye mwenyewe kuonya muntu uso kwa uso, kisha atie sinyatire, saini yake, ku karatasi. Bote balikubali. Bakamuchagua Barutwanayo kuwa shefu wa parseli papo hapo, juu hakuna mwingine alikuwa na bike.

Willy alitii. Tumuseme vizuri. Mvua inanyesha, yeye anaenda ku barabara, anakaa juu ya pikipiki na kamfuko ya plastiki ku kichwa, anavuta. Akiona fundi anamuangalia, anapiga saluti na kuuliza kama pale amekwisha kuvuka mupaka, ao arudi nyuma kidogo. Na kifua ya Merveille ikatulia. Myezi mitatu muzima, ile pompe ya kupumulia ililala ku dirisha ikilamba vumbi.

Ku mwezi wa ine, mama mukwe akafika.

Consolate alitoka mu kambi upande wa Nundu. Bwana yake alikuwa amekufa, na Jocelyne, bibi ya Barutwanayo, alimuitisha mama yake akuye kukaa nao kidogo, machozi ipungue. Alikuya na mukeka, haragi, na kiko ya marehemu: kichwa ya udongo, mutete mweusi, muzee sawa mwenyewe. Asubui ya kwanza, kisha kunywa uji, alibeba kiti, akaiweka katikati ya kiwanja, akakaa, akawasha. Hakujificha. Kwao muntu anajificha kama ameiba.

Mashini ya Barutwanayo ilinyamaza, sindano ndani ya suruali ya muntu.

Na pale mutaelewa taabu yake. Ku desturi ya kwabo, mukwe hasimame mbele ya mama ya bibi yake na kumukataza kitu. Anamusalimia macho chini. Hakule mbele yake. Kumuambia "mama, acha" ni sawa kumupiga kofi, na jamaa ya Jocelyne bangeweza kukuya kumuchukua siku ileile, bila kukaa chini. Yeye njo sheria inamutuma amuonye uso kwa uso, na ile uso, hana ruhusa ata ya kuiangalia.

Alimufuata Jocelyne ku jiko. Alimuomba aseme na mama yake. Jocelyne aliendelea kupepeta muchele.

"Ile kiko njo baba yenye alibakia nayo," alisema. "Kanisa ilikwisha kumutenga juu yake. Sasa na mi nimutenge? Sheria ni yako, Baba Merveille. Enda umusomee."

Willy, mwenye alikuwa anapanguza pikipiki, alikuwa amesikia yote. Alikohoa kikohozi ya bakubwa, akainua kidole moja juu. Moja. Na Barutwanayo, shefu wa parseli, aliingia ndani na kutia sinyatire juu ya jina lake mwenyewe.

Juma ya pili alitafuta akili. Jirani Suzanne alikuwa na mbuzi yenye ilipenda kulala mu kiwanja. Barutwanayo alisimama mbele ya ile mbuzi, mugongo kwa mama mukwe, akaanza kuisomea sheria na sauti ya pasteri: weye mbuzi, mu hii parseli hakuna kuvuta tumbako, weye mbuzi, mwenye kutaka aende ku barabara. Alisoma yote, akarudilia. Jirani bote balitoka kuangalia. Mama Consolate naye alisikiliza kabisa, moshi ikimutoka puani, kisha akamuambia Suzanne kama ile nyama haina masikio, lakini mukwe yake ana uvumilivu, anafundisha ata banyama. Suzanne alilazimika kuingia ndani acheke. Willy akainua bidole mbili.

Saa sita ya ile siku Merveille alianza kupiga miluzi mu kifua. Hatua makumi nane. Pompe, mask, saa moja pa kitanda ya sante, akarudi akitembea na kuomba ndizi. Muuguzi aliuliza kama ku nyumba kuko muntu anavuta. Barutwanayo alisema kuko sheria. Muuguzi akasema hakuuliza sheria.

Ilibakia mara moja. Barutwanayo hakulala vizuri, na ku mashini alishona mufuko ya shati ku mugongo. Pale njo akakumbuka kitu.

Ku kilima ya kwabo, banasemaka, mugeni habamufukuze. Banamutayarishia impamba, bintu ya njia: chumvi, sukari, nguo, tumbako. Mugeni akipokea, anaelewa mwenyewe, anakunja mukeka, anashukuru, anaenda, na hakuna neno mubaya lilitoka kinywani. Barutwanayo alisikia ile toka kwa bazee mu kambi. Ile kilima yenyewe hakuijua. Alikimbia akiwa mu mugongo ya mama yake. Desturi alipata vipande vipande, sawa muntu mwenye kuokota vitambaa chini ya mashini ya fundi mwingine.

Akashona kitenge muzuri kuliko zote alishonaka. Akatafuta tumbako kali ya Kilembwe, yenye imekunjwa sawa kamba. Akafunga yote pamoja, akamupa Jocelyne amupelekee mama yake. Jocelyne alishika ule muzigo muda murefu.

"Unamufukuza?"

"Mi simufukuze. Mi ninamupa tu."

Mama Consolate alipokea na mikono mbili. Alilia. Kutoka ile saa hakuvuta ata kidogo, siku tatu muzima, na Barutwanayo akaanza kuimba ku mashini. Aliwaza mukeka unakunjwa.

Siku ya yenga, bantu banatoka kanisani, muzee Bonaventure alikuya kuangalia bati yenye ilikuwa inavuja. Parseli ilijaa. Pale njo Consolate alitoka ndani, amevaa kile kitenge, ameosha miguu, kiko mu mukono. Akaweka kiti katikati. Akaita bote bakaribie. Akajaza kiko na tumbako ya Kilembwe, akawasha, akavuta moja murefu, na akasema na sauti yenye ilisikilika mpaka ku barabara:

"Mi sikuzaa kijana. Leo nimepata. Bwana yangu alipokufa nilisema nani ataniletea tumbako ya kumaliza kilio. Huyu hapa. Kwetu, mukwe akikuletea ile tumbako na nguo, maana amekutia mu nyumba yake mpaka kufa. Nakaa hapa. Sirudi tena kambini."

Kumbe ile nayo ilikuwa desturi. Chumvi, sukari, nguo, tumbako: kwa mugeni ni njia, lakini kwa mujane mwenye bado analia ni nyumba. Bazee ba kambi bangemuambia ile kipande ingine, kama angeuliza.

Jocelyne alianza kulia na kucheka pamoja. Suzanne alipiga makofi, kisha akakumbuka sheria, mikono ikabakia hewani. Willy hakuinua kidole. Alitia mikono yote mbili mu mifuko.

Muzee Bonaventure aliuliza polepole ni mara ya ngapi. Bote baligeuka kuangalia Barutwanayo. Akauliza shefu wa parseli. Shefu wa parseli akasema ya tatu.

Ni Willy njo alisema bamuache. Alisema yeye anaweza kuendelea kuvuta inje, mvua na yote, mama abakie. Bonaventure alitikisa kichwa.

"We tulikukalisha ku mvua myezi mitatu. Weye huna mama? Nikimuachilia huyu, kesho nitamukataza nani?"

Na haikuwa bongo, alisema kweli. Ata Barutwanayo aliona haikuwa bongo. Kama angekuwa upande ile, angesema vilevile, tena angeongeza artikle ingine ku sheria. Balimuletea karatasi. Akatafuta bike mu mufuko ya shati, haikuwa pale, ikawa nyuma ya sikio yake mwenyewe. Alisema kitu juu ya Merveille, juu ya sante, hatua makumi nane. Muzee alisema anajua, na inamuuma, na ni pale ya kutia sinyatire, chini, upande wa kuume. Mama Consolate aliangalia ile mambo ya bakaratasi akivuta polepole, sawa muntu mu sherehe ya ndoa.

Nyumba yenye bakapata ilikuwa kule kartie inaishilia. Karibu kulikuwa kumejaa. Willy alipakia bintu ku pikipiki, safari tatu, na alikatala kabisa balete neno ya malipo. Ya mwisho ikawa miguu. Barutwanayo mbele na kichwa ya mashini ku bega na Merveille ku mugongo, Jocelyne na sufuria, mama mukwe nyuma na mukeka na kiko. Alijaribu kuhesabu hatua. Ku mia sita mutoto alianza kukohoa, akapoteza hesabu, na hakurudi nyuma kuitafuta.

Nyuma yake alisikia Consolate anamuuliza Jocelyne nani hasa aliandika ile karatasi mubaya, yenye kutoa jamaa muzima mu nyumba na mutoto mugonjwa. Jocelyne alipanga sufuria yake upya ku kichwa.

"Basi, nitamuombea Mungu," Consolate alisema. "Ule mukono wenye uliandika ukauke. Mukwe wangu, sema amina."

Barutwanayo aliangalia chini, vile desturi inataka.

"Amina, mama."