Panga la Jemimah

Jemimah hakuwa mtu wa kuomba, lakini mwaka ule alipita boma kwa boma pembeni mwa soko la Ekerenyo akiomba taka. Alitaka maganda ya ndizi, ndizi zilizooza na mashina ya migomba iliyokwisha kuzaa. Mtambo wa bayogesi uliokuwa nyuma ya jiko lake ulikula vyote ukatoa gesi ya kupikia, na chai ilichemka kabla watoto hawajavaa sare.

Majirani walifurahi kupunguziwa uchafu. Walimwambia aingie tu, akate anachotaka. Basi akaingia na panga lake, akakata, akasukuma mkokoteni hadi shamba la pili, akakata tena. Mumewe Alfayo, ambaye alikuwa akiwachumia watu majani chai, alianza kusema habari za kujenga mtambo mkubwa zaidi.

Shamba la kwanza kuugua lilikuwa la jirani yao Nyamweya. Majani yaligeuka manjano yakalegea. Ndizi ziliiva ovyo kabla ya kukomaa, na zikipasuliwa, ndani ni kahawia. Watu walidhani ni jua. Kisha ugonjwa ukafika kwa Bonareri, mjane aliyeishi kwa kuuza ndizi Keroka, ukavuka kijito, na mwisho ukaingia kwa Jemimah mwenyewe.

Afisa wa kilimo alipokuja, wote walikusanyika kwa Nyamweya. Alikata shina moja akawaambia wangoje. Usaha wa manjano ukatoka polepole, kama wa jipu. Huo ni mnyauko, alisema, na hauna dawa. Akaeleza kwamba panga likikata mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima bila kupitishwa motoni, limeuambukiza. Akauliza kama kuna mtu aliyekuwa akikata katika mashamba yao yote.

Hakuna aliyemtazama Jemimah, na hapo akajua kwamba wote wameelewa.

"Ni mimi," alisema.

Migomba ikaanza kukatwa na kufukiwa, shamba baada ya shamba. Hakuna aliyemtukana. Kanisani siku ya Sabato walimpa mkono, lakini mazungumzo yalikatika kila alipokaribia. Alfayo hakumlaumu. Alikwenda Keroka kupakia malori, na baada ya muda akawa harudi kila wiki.

Jemimah alitamani mtu mmoja amfokee, angalau yaishe. Mwishowe alikwenda kwa Bonareri. Alimkuta kikongwe huyo ndani ya shimo la kufukia migomba yake, limemfika magotini, akichimba peke yake.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

Bonareri alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Nilikusamehe siku ile ile, mwanangu. Ulikata kwa ruhusa yangu. Lakini sasa nitakula nini?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia, akangoja. Maharagwe yangechukua muda, chai Bonareri hakuwa nayo, na nguvu za kulimia watu zilikuwa zimemwisha.

Jemimah alichukua jembe lililoegemezwa ukutani mwa nyumba, akashuka shimoni. Walichimba mpaka mvua ilipoanza. Kisha wakaivuta migomba iliyokwisha kukatwa, mmoja baada ya mwingine, wakaitupa humo pamoja na mikungu yake, ndizi zikiwa bado changa, wakaanza kuifukia.