Meno Juu ya Mabati

Vestine alianza kumwambia binti yake "murakoze" majira ya mvua yaliyopita. Ni neno zuri, lakini Warundi hulitumia kumshukuru mgeni au mtu wa kuheshimiwa. Mtoto uliyemzaa mwenyewe unamwambia "urakoze" tu. Kwa hiyo Evangelina alipomwekea mama yake uji mezani na kujibiwa murakoze, alijua amekuwa mgeni katika nyumba aliyokulia.

Kusahau kulikuja pole pole, kama ziwa linavyopanda bila kelele mpaka maji yafike mlangoni. Kwanza yalikwenda majina ya majirani wa hapa Minago, kisha miaka yote tangu warudi kutoka Tanzania. Kilichobaki ni kambi ya ukimbizini, nyumba zake za udongo, foleni ya maji, na mtoto mmoja wa kike aitwaye Eva. Kila jioni Vestine alitoka kumtafuta mtoto huyo, na Evangelina, mwanamke mzima, akamshika mkono kumrudisha ndani.

"Murakoze, madamu," mama alisema. "Mungu akupe watoto."

Siku moja Evangelina alipanda pikipiki kwenda Rumonge, amepakata bidoni, dumu la mawese. Pikipiki iliteleza kwenye mchanga, na bidoni ikampiga mdomoni. Meno mawili ya mbele yalitoka, la tatu likavunjika nusu. Alirudi nyumbani ameziba mdomo kwa kitenge, akijiona mtu wa mikosi. Mama yake alikishusha kile kitenge, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka.

"Eva. Yametoka?"

Evangelina aliitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa wapi siku yote, mwana wanje, mwanangu? Na meno uliyatupa juu ya paa, ama umeyapoteza?"

"Niliyatupa, mama," alidanganya.

"Basi iko vizuri. Yataota mapya."

Usiku huo mama alipokea chakula na kusema "urakoze". Evangelina alikula machozi na damu pamoja na ugali, asijue analia maumivu au furaha.

Lakini kinywa si cha kuonyesha mama peke yake. Sokoni, kwenye meza za ndagala, dagaa wa ziwani, wenzake walimwambia, "Eva, funga mlango, kuku wataingia." Alicheka nao nyuma ya kiganja. Mchumba wake Clever, fundi wa baiskeli, alisema yeye hajali. Ila jamaa zake walikuwa wanakuja kumposa, na shangazi Eliana, dada wa marehemu baba yake, hakutaka kusikia.

"Unataka waende wakisema Clever amechumbia kibogoyo?"

Basi akaenda Rumonge kwa Pontiani, fundi wa meno. Pontiani alilisugua lile jino lililovunjika, akalijaza mpaka likawa zima. Kisha akakoroga unga laini kwa maji, akaupaka kwenye chuma kilichopinda kama taya, akamtia mdomoni.

"Uma. Usicheke."

Unga uliganda kama ugali uliolala, ukachukua umbo la kinywa chake. Aliporudi mara nyingine, alikuta bamba dogo lenye rangi ya ufizi, meno mawili juu yake, na waya mwembamba wa kushika jino la jirani.

"Usilale nayo," Pontiani alimwonya. "Ukiyavua, yaweke ndani ya maji, yasikauke yakapinda."

Ndani ya kioo alimwona yule mtu aliyekuwa zamani. Alifurahi njia nzima mpaka Minago.

Mlangoni mama yake alisimama kwa adabu. "Amahoro, madamu. Mnatafuta nani?"

Evangelina alirudi nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, akavua meno, akaingia tena.

"Eva," mama alisema. "Kuna madamu mmoja alikuwa hapa. Umemuona?"

Tangu hapo meno yakawa ya barabarani na sokoni, na pengo likawa la nyumbani.

Siku ya posa Evangelina alitaka vyote viwili. Atakaa na mama yake akiwa na pengo, na wageni wakikaribia, atayavaa. Aliyaacha dirishani ndani ya kikombe cha maji, akaenda kuchukua kitenge cha kumvika mama. Aliporudi, Vestine alikuwa nje, kikombe kimemwagika miguuni, mkono umeinuliwa. Kitu kiligonga mabati, ta, ta, ta, kikanyamaza.

"Ulinidanganya," mama alisema kwa upole. "Ulisema umeyatupa, kumbe umeyaficha kwenye kikombe. Sasa yataota."

Wageni walikuwa wameshaingia uani.

Msemaji wa upande wa Clever, mzee mwenye maneno mazuri, alisema walichokuja kusema, kisha akamgeukia Vestine. "Mama, binti huyu unamjua?"

Shangazi Eliana aliinamisha kichwa.

"Huyu? Ni Eva wangu. Nilimzaa kambini, mvua inanyesha, hakuna hata wa kunishika mkono."

Wanawake walishusha pumzi. Evangelina aliomba moyoni maneno yaishie hapo.

"Lakini nyinyi watu wazima, hamuoni haya?" Vestine aliendelea. "Eva, fungua kinywa, waone."

Alifungua. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Mutoto hata meno hajaota. Mnamuomba wa nini?"

Mzee alikaa chini taratibu. "Umesema kweli, mama. Tutasubiri yaote."

Na kweli walisubiri. Clever alipanda juu ya paa, akalikuta bamba limepasuka katikati, na Pontiani akaliunganisha. Shangazi Eliana alikubali kuhamia pale kumtunza wifi yake. Miezi hiyo yote Evangelina alikaa na pengo, hata sokoni, wamcheke wakitaka. Kila asubuhi mama yake alipitisha kidole kwenye ufizi wake.

"Bado."

"Bado, mama."

Asubuhi ya harusi aliyavaa. Aliingia chumbani kuaga, na gauni lake jeupe likajaza mlango. Vestine aliinuka haraka, akafuta kiti kwa kitenge chake.

"Karibu, bibi arusi. Umependeza. Mama yako iko hai?"

"Yupo."

"Amefurahi?"

Evangelina aliweka ulimi kwenye bamba. Kulisukuma mara moja kungetosha. Lingeangukia kiganjani, naye angempata mama yake. Lakini Eva angeshikwa mkono, afichwe nyuma ya kitanda, na hakuna ambaye angeruhusiwa kumtoa mtoto ndani ya nyumba hii. Mgeni ndiye aliyeweza kuondoka.

"Amefurahi," alisema.

"Murakoze kuja kunisalimia. Huko njiani ukiona mutoto wa kike, iko na pengo hapa mbele, jina lake Eva, mwambie arudi. Nimemuwekea uji."

"Nitamwambia, mama."

Nje honi zilimwita. Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa kwa sahani. Alipopita aliligusa, na lilikuwa bado la moto.