Wimbo wa Sauti Tatu

Mwalimu Baltazar alifundisha hesabu Musoma, na hakuna tatizo lililowahi kumtisha: ligawanye vipande, tatua kimoja kimoja, habari kwisha. Kwa hiyo mama yake, Mama Rhobi, alipotimiza miaka themanini na kusema hataki kitenge wala keki, anataka watoto wake watatu wamwimbie wimbo alioutunga marehemu baba yao, Baltazar alicheka. Hilo tu?

Kukutana kwa mazoezi, hapana. Tangu wagawane shamba la baba kule Mwitongo, Butiama, ilikuwa salamu tu, tena za simu. Basi akaugawa na wimbo. Dada yake Justina, muuza vitambaa wa Bunda, sauti ya kwanza. Yeye mwenyewe ya pili. Mdogo wao Silasi, aliyebaki Butiama na ng'ombe, besi. Kila mtu ajifunze kwake, ajirekodi, atume.

Rekodi zilikuja safi ajabu! Baltazar alizisikiliza moja moja, akajipa vema tatu.

Siku ya ibada ya shukrani nyumbani kwa mama, mchungaji kaketi, majirani kimya, wakasimama mbele ya mama. Wakaanza. Ee Mungu wangu! Justina alianzia juu kama anaita mteja ng'ambo ya soko. Silasi akaanzia chini, tena polepole, mwendo wa ng'ombe wake. Baltazar katikati akawakimbiza wote wawili, asimpate hata mmoja. Zamani baba ndiye aliyewatolea sauti ya kuanzia; kazi hiyo hakuna aliyepangiwa. Ubeti wa pili wakakwama, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake, kwamba mimi niko sawa. Na kweli, kila mmoja alikuwa sawa. Baltazar aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Mama Rhobi akapiga makofi, peke yake.

"Nimesikia nyimbo tatu nzuri," akasema. "Ule mmoja nilioomba mtaimba lini?"

"Mama, tulijiandaa vizuri," Baltazar akajitetea. "Imebaki kuunganisha tu."

"Tu?" Mama alimtazama. "Shamba mligawana asubuhi moja, Balta, hata chai yangu ilikuwa haijachemka. Haya, kaeni hapo, benchi moja. Leo harudi mtu kwake mpaka niusikie."

Wakaenda kukaa. Lakini kwanza wakabishana nani akae katikati.