Yatima Mwenye Mama

Aliyeniuliza nilikufaje alikuwa anakunywa chai niliyompikia mwenyewe. Mwanamke wa makamo, koti la kijivu, viatu visivyo na kisigino: afisa wa mfuko wa ufadhili wa masomo ya ng'ambo. Alikirudisha kikombe kwenye kisahani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Samahani kwa kukutonesha kidonda, dada. Marehemu aliugua nini?"

"Figo," nikasema. "Alianza kuvimba miguu, halafu uso. Siku ya mwisho alikuwa anaomba barafu tu."

Yote yalikuwa kweli. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, nilikuwa nimetundikwa mimi: picha ya siku niliyopokea diploma, na kitambaa cheusi kwenye kona ya fremu. Nilikifunga mwenyewe asubuhi ile. Nilishuka kwenye stuli, nikarudi nyuma hatua chache kuangalia kama kimekaa sawa. Kilikuwa kimekaa sawa. Nikajiona nimefariki vizuri.

Nieleze tulivyofika hapo, la sivyo mtadhani nilirukwa na akili. Sikurukwa. Nilipiga hesabu.

Binti yangu, ambaye tulimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha ng'ambo. Nafasi bila ufadhili ni picha ya chakula. Mwaka ule jioni zetu zote zilikuwa kompyuta ya kuazima juu ya meza ya kulia, na sisi wawili tumeiinamia kama watu wanaoota moto. Ufadhili ulikuwa mwingi ajabu, ila kila mmoja ulikuwa na wenyewe. Huu wa watoto wa wakulima. Ule wa wasiosikia. Mwingine wa wapiga kinanda.

"Si ungenifundisha kinanda, mama."

"Na wewe si ungezaliwa shambani."

Ndipo tukaupata ule. Ulilipa ada, nauli, malazi, mpaka koti la baridi. Alama zake zilitosha, umri ulitosha, fani yake ilitajwa kwa jina. Sharti lilikuwa moja tu: mwombaji awe yatima wa baba na mama. Baba yake alifariki Chiriku akiwa bado hajatambaa. Kasoro yake pekee ilikuwa mimi.

"Basi nimekufa," nikasema.

"Mama! Usijichurie!"

"Kusema hakuui mtu."

"Bibi alikuwa akisema lisemwalo lipo."

"Bibi yako hakuwa na mtoto wa kupeleka ng'ambo."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, maana alikumbuka nilichokuwa nakumbuka mimi. Kwenye karatasi nilikuwa nimekwisha kufa.

Mdogo wangu, niliyemtangulia mwaka mmoja tu, hakuwa na bima ya matibabu. Mimi nilikuwa nayo, na tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Figo zilipomzidi, nilimpa kadi yangu kama unavyompa mtu mwavuli mvua ikianza. Wodini wakamwita kwa jina langu, naye akaitikia. Siku moja nilikuwa naingia na uji wake, muuguzi akaliita lile jina, tukaitika wote wawili kwa pamoja. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatushtaki. Wiki ile ile akafa, na cheti cha kifo kikatoka kwa jina langu. Kibali cha mazishi kikafuata cheti, na watu wa makaburi, ambao huandika walichopewa, wakachomeka kibao cha bati chenye jina langu. Ndugu waliokuja kuzika walijua wanamzika nani. Walikitazama kibao, wakanitazama mimi, wakanyamaza.

Kusahihisha kungetaka nieleze habari za kadi, na mimi kazi yangu ni kutoa dawa dirishani. Mtoa dawa anayechezea bima hana dirisha kesho yake. Nikasema nitasahihisha baadaye.

Kwa hiyo sikuhitaji kughushi chochote. Nilihitaji kuwa mdogo wangu kwa asubuhi moja tu. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye droo ya chini. Gauni lake la maua lilinikaa mabegani kana kwamba fundi alinipima mimi. Majirani niliwaomba wafunge midomo, na jirani wa mlango wa pili akanishika mkono akasema, "Pole kwa msiba wako, jirani," akacheka peke yake mpaka ndani kwake.

Afisa aliandika yale ya figo na barafu, akamgeukia Chiriku.

"Na mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Jibu nilikuwa nimemfundisha. Mchapakazi, mwadilifu, mpenda elimu. Tulilirudia hata akiwa anaosha vyombo. Hakulisema.

"Alikuwa anaimba akinisuka," Chiriku akasema, macho kwenye zulia. "Alikuwa anasuka taratibu, havuti. Nikiota vibaya alikuwa anahamia kitandani kwangu, haniulizi nimeota nini. Na alikuwa na kicheko kibaya. Kama mlango usiotiwa mafuta."

Nilikuwa nimeshika birika. Sikumimina chai, wala sikuliweka chini. Mimi husuka kichwa cha mtoto kama ninayefunga mzigo wa safari. Siimbi. Miaka niliyokuwa chuoni nikiitafuta diploma ile ya ukutani, aliyelala na mwanangu alikuwa mdogo wangu. Niliporudi, mtoto alinisalimia kwa adabu sana, kama anavyosalimiwa mgeni, kisha akakimbilia mgongoni kwa mwenzangu. Nilidhani hayo aliyasahau. Nilikuwa nimeamua kwamba ameyasahau.

"Na mama mdogo je?" Afisa akaniashiria kwa kidevu. "Mnaelewana?"

"Mama mdogo ni mkali. Lakini hajawahi kunilaza njaa."

"Wakali ndio wanaojenga," Afisa akasema, akanitabasamia.

Ndipo nikacheka. Sikuwa na sababu ya kucheka. Kicheko kilinitoka juu, chembamba, kikikwaruza, kikaijaza sebule, na kikaendelea kidogo baada ya mimi kufumba mdomo.

Chiriku alikuwa ananitazama.

"Kumbe hata kicheko mlifanana," Afisa akasema kwa huruma, akafunga kalamu yake. "Limebaki jambo moja. Huwa tunapiga picha ya kaburi. Ni utaratibu tu, msinielewe vibaya."

Tulikwenda kwa miguu, Afisa katikati. Jua lilikuwa kali na makaburini hapakuwa na mtu, ila toroli lililoachwa njiani na koleo ndani yake. Sikuwa nimefika pale tangu mazishi. Nilitegemea kukuta magugu, lakini kaburi lilikuwa safi, limepaliliwa, udongo umelainishwa kwa kiganja. Nikamtazama Chiriku. Akatazama pembeni.

Ni jambo la ajabu kusoma jina lako kwenye kibao ukiwa umesimama wima. Unajisikia kama mtu aliyeingia chumbani akakuta watu walikuwa wanamzungumzia.

Chiriku hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti, akakumbatia kile kibao, akalia. Nimekaa dirishani miaka mingi, nawajua wanaolia ili wapewe dawa bila cheti cha daktari. Kile hakikuwa kilio cha namna hiyo.

"Mama," alisema. "Nadhani nimepata, mama. Nitaondoka. Usiogope. Huyu atakuja kukupalilia."

Huyu alikuwa mimi.

Afisa akafuta macho yake, akatoa simu apige picha. Akarudi nyuma, akasogea kushoto, akasita.

"Dada, samahani, jisogeze kidogo. Kivuli chako kimefunika jina."

Nikajisogeza.

Jioni tulikaa kula. Nilikuwa nimekwisha kuvua gauni la maua na kulikunja. Chiriku, asiyejua kunyamaza, alinyamaza mpaka sahani zikatoka mezani.

"Mama, usicheke tena vile."

"Sikucheka makusudi."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuomba."

Ufadhili aliupata. Nisiwachoshe kwa habari za viza na masanduku. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kwa nguvu, na sikioni akasema, "Kwaheri, mama mdogo," kwa kuwa Afisa alikuwa amesimama hapo na maua. Nilijibu vizuri. Nilijibu haraka kuliko nilivyotaka.

Akiwa kule aliwekwa chumba kimoja na wasichana wengine wa mfuko ule ule, wawili kati yao wakizungumza lugha yetu. Tukakubaliana: kwenye simu, mama mdogo. Busara ya kawaida. "Shikamoo mama mdogo, umeamkaje, kazi inaendaje." Kazi ilikuwa inaendelea. Nilihesabu vidonge kwenye trei, nikaandika bahasha, nikawaambia watu wale chakula kwanza ndipo wanywe dawa. Siku moja mzee mmoja, mteja wangu wa dawa za sukari, aliegemea dirisha akanisikiliza.

"Leo umefurahi, mama."

"Kwa nini?"

"Unaimba."

Nikamwambia ni redio. Aliangalia huku na huku. Hatukuwa na redio. Mkononi nilikuwa na bahasha yake, na nilipoitazama niliona dozi imeandikwa sawa, ila kwa mwandiko wa mviringo, ule wa mdogo wangu, aliyejifunza kuandika baada ya mimi kumshika mkono. Niliichana, nikaandika nyingine kwa mwandiko wangu. Ilibidi nizitafute herufi moja moja.

Mimi ni mtu wa dawa. Nilijipima presha, nikajipima sukari, nikalala mapema wiki nzima. Vipimo vyote vilikuwa safi. Nikaacha kuvaa lile gauni hata ndani ya nyumba, ingawa, nikisema kweli, sikumbuki nilianza lini kulivaa ndani ya nyumba.

Mwaka wake wa mwisho Chiriku alinipigia mchana, na nyuma yake palikuwa kimya kuliko kawaida.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamehama. Siku hizi nakaa peke yangu."

"Hapo ulipo hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi niite."

Nilisikia anavuta pumzi, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyosoma shuleni zamani.

"Si nimeshakuita, mama mdogo," akasema.

Ningeweza kukasirika. Lakini mpango ulikuwa wangu, tena ulikuwa mpango mzuri, na kama ningerudishwa pale mezani mbele ya ile kompyuta ningesema tena nimekufa. Nilimuuliza kama amekula. Akasema amekula.

Siku ya mahafali yake nilifunga dirisha la dawa mapema, nikakaa sebuleni na simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Waliirusha sherehe mtandaoni. Ukumbi ulikuwa mkubwa, watu wa rangi zote, majoho meusi. Chiriku alichaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wote waliosomeshwa na mfuko. Alipanda jukwaani bila karatasi. Lugha yao naifuata kwa shida, lakini mengi niliyaelewa. Aliwashukuru walimu. Akamshukuru mama mdogo wake, ambaye ni mkali na ambaye hakuwahi kumlaza njaa, na watu wakacheka kwa upole, nami nikatabasamu.

Halafu akataja jina langu. Alilitaja lote, na jina la baba yangu mwishoni, taratibu, ili lisipotee katika midomo ya wageni. Akaeleza habari za nyimbo, na za vidole visivyovuta nywele. Akaomba ukumbi mzima usimame kidogo kwa ajili ya mama yake.

Wakasimama. Mstari baada ya mstari, watu wasionijua, wazee na vijana, Afisa akiwa mstari wa mbele na koti lake la kijivu, wote wameinamisha vichwa. Niliguswa, siwezi kusema uongo. Mtu akiombwa kusimama kwa ajili ya marehemu, husimama. Nami nikasimama.

Kimya kilikuwa kikubwa hata nikadhani mtandao umekatika. Haukukatika; mtu mmoja alikohoa. Chiriku peke yake hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani ananitazama mimi, na midomo yake ikatamka neno moja bila sauti. Nikaisogelea simu. Sikuweza kujua anamwita nani kati yangu na mdogo wangu.

Kisha viti vikalia, ukumbi mzima ukaketi, makofi yakaanza. Mimi nilibaki wima katikati ya sebule, mikono pembeni, nikingoja mtu wa kuniambia nikae.