Kidole cha Nne

Mtaani walikuwa bado wanamwita Biharusi, mwaka wa nne wa ndoa sasa, maana hakuwa na mtoto wa kumpa jina la mama fulani. Katika chumba cha dawa za kifua kikuu, mama mkwe wake alikikamata kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, kama askari wa zamu.

“Mama, utatusubiri nje kidogo?” muuguzi aliuliza.

“Nje kuna nini? Msimamizi wake wa dawa ni mimi, mmeniandika wenyewe kwenye kadi. Huyu anasahau hata chumvi!”

Muuguzi alifundisha kwa vidole, na mgonjwa haondoki mpaka avirudie vyote. Cha kwanza, kumeza asubuhi kabla ya kula. Cha pili, mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke.

“Choo chetu kitapata rangi bure,” mama mkwe alisema, hata muuguzi akacheka.

Cha tatu, macho yakiwa ya manjano, rudi mbio. Cha nne: “Dawa hizi zinapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya kuzuia mimba. Unatumia?”

“Atumie vya nini?” mama mkwe alidakia. “Watu tunatafuta mjukuu! Hicho ruka.”

Chini ya gauni la mikono mirefu la Biharusi, kijiti kilikuwa palepale mkononi alipowekewa mwaka juzi, baada ya mimba iliyotoka kwa damu mpaka akazimia. Nyingine itaondoka na wewe, daktari alimwambia. Nyumbani hakuna aliyejua, hata mumewe.

“Haya, mdogo wangu, rudia.”

Biharusi alikunja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne akakiacha kimesimama. Akikiruka, anarudi kitandani kwake bila kinga. Akikitaja, hapo mlangoni hapapitiki. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe, ukaminya wa kushoto juu ya kiwiko, ukang’ang’ania.

“Umefanya nini mkono?” mama mkwe aliuliza.

“Unawasha tu, mama.”

Muuguzi aliutazama ule mkono, kisha uso wa mwenyewe. Akaivuta kadi, akaandika. “Kesho saa mbili nikuangalie huo mkono. Chumba kile cha uchunguzi anaingia mgonjwa peke yake.”

Biharusi akashusha pumzi.

“Tutakuja,” mama mkwe alisema, akaitia kadi mkobani na kufunga zipu. “Si kile chenye pazia tu mlangoni? Nitakaa hapo nje. Kila kitu kinasikika.”